Doctor Who Marekani: Hadhira Iliyokataa Kutafuniwa

Muhula uliopita, katika semina ya fasihi linganishi, lilizuka zogo. Swali lilikuwa jepesi kwa sura: kazi ya sanaa ikivuka mipaka ya jamii iliyoizaa, nani amfuate mwenzake, kazi au hadhira? Mwenzetu mmoja, msemaji hodari kweli kweli, alisimama akadai kwamba mwandishi wa Kiswahili anayetaka kusomwa ng'ambo hana budi kumfikiria mgeni wakati wote: aeleze unyago ni nini, aeleze mtani ni nani, methali apunguze. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyoosha mkono nikatoa mfano wa Doctor Who. Darasa zima likaangua kicheko. Eti televisheni! Eti maroboti ya bati! Mwalimu akatuliza watu, akasema kama nina hoja niiandike. Basi makala haya ndiyo hoja yenyewe, na wale waliocheka nawaomba wasome mpaka mwisho.

Kwanza, kwa wasioufahamu mfululizo huu. Ulianza kurushwa na BBC Jumamosi tarehe 23 Novemba 1963, siku moja tu baada ya Rais Kennedy kuuawa. Uingereza nzima ilikuwa na mawazo mengine jioni ile, ndiyo maana Jumamosi iliyofuata sehemu ya kwanza ilirudiwa kabla ya kuonyeshwa ya pili. Mkuu wa tamthilia wa BBC aliyeuanzisha, Sydney Newman, alikuwa Mkanada. Mtayarishaji wake, Verity Lambert, alikuwa mwanamke ambaye hata miaka 30 hajafikisha. Mwelekezi wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, alizaliwa India. Nataja haya makusudi, kwa sababu watu wakisema "Uingereza halisi" ya kipindi hiki huwa wanasahau nani aliitengeneza.

Mhusika mkuu anaitwa Daktari. Basi, hana jina jingine. Si mwanadamu, anatoka sayari nyingine, na husafiri katika anga na katika wakati akitumia chombo ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu, kile ambacho polisi wa Uingereza walikuwa wakitumia kupigia simu barabarani. Ndani, chombo hicho ni kikubwa kuliko nje. Mwaka 1966 afya ya mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, ilipozidi kudhoofika, watunzi wakabuni kwamba Daktari akikaribia kufa hubadilika mwili mzima, sura na tabia. Akaingia Patrick Troughton, na tangu hapo waigizaji wamekuwa wakipokezana kijiti. Sasa angalia jina la mfululizo wenyewe. Ni swali. Daktari nani?

Dai langu ni hili. Katika safari ya Doctor Who kwenda Marekani, kila mara wenye mali walipojaribu kumjibia Mmarekani swali hilo, Mmarekani alitazama kidogo akageukia mambo mengine. Walipomwachia swali, yeye mwenyewe akaja, akakaa, na (hili tutalifikia) hata pesa akatoa.

Tuanze na 1965. Mwaka huo kulitengenezwa sinema ya kwanza ya rangi kutokana na mfululizo huu, Peter Cushing akiigiza. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa Uingereza, lakini waasisi wake wawili, Milton Subotsky na Max Rosenberg, walikuwa Wamarekani. Wakati huo televisheni za Marekani zilikuwa bado hazijauonyesha mfululizo. Je, walifanyaje na yule mgeni asiye na jina? Wakamgeuza babu mwema wa Kiingereza, mwanadamu kama sisi, mvumbuzi aliyejitengenezea chombo nyuma ya nyumba, na jina la ukoo wakampa: Who. Yaani swali likawa jina la familia! Sinema si mbaya kwa kuburudisha watoto, lakini kwa upande wa fani walichofanya ni kung'oa msumari uliokuwa umeshikilia nyumba.

Mwaka 1972 kampuni ya Time-Life ilinunua hadithi kadhaa za Jon Pertwee, Daktari wa tatu, ikaziuza kwa vituo vichache vya Marekani. Hazikuleta kishindo. Mwaka 1978, baada ya Star Wars kuifanya anga kuwa biashara, Time-Life wakarudi na mzigo mkubwa zaidi: sehemu 98 za Tom Baker, Daktari wa nne, yule mwenye nywele za mawimbi, macho makubwa na skafu ndefu inayoburura chini. (Skafu hiyo ina kisa chake. Mfumaji, Begonia Pope, alipewa sufi nyingi achague rangi, yeye akaifuma yote.)

Hapa ndipo penye jambo la kutazamwa na mhakiki. Time-Life waliogopa kwamba mtazamaji wa Marekani hataelewa. Wakamwajiri Howard da Silva, mwigizaji mwenye sauti nzito, awe msimulizi: mwanzoni mwa kila sehemu akumbushe yaliyopita, mwishoni adokeze yatakayokuja. Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaijua kazi hii, mtu anayesimulia juu ya picha, na tunajua pia kwamba msimulizi mzuri huongeza chumvi yake mpaka filamu inakuwa nyingine na tamu zaidi. Lakini da Silva hakupewa nafasi ya kuwa fanani. Alipewa kazi ya kuondoa shaka. Tena dakika zake hazikuongezwa, zilikatwa kutoka kwenye hadithi: kama dakika tatu katika kila sehemu ya dakika 25. Maelezo yalikula kile yalichokuja kukieleza.

Mtu atasema: mbona PBS hiyo hiyo ilikuwa na Alistair Cooke, aliyekaa kwenye kiti tangu 1971 akiwatambulishia Wamarekani tamthilia za Kiingereza, na watu wakampenda? Ni kweli. Ila Cooke alizungumza kabla na baada. Tamthilia haikupunguzwa ili yeye aongee. Kuna tofauti kati ya mwenyeji anayekukaribisha mlangoni na yule anayekufuata mpaka mezani akutafunie.

Nikiri jambo moja, maana haki ni haki. Wapo Wamarekani wengi waliompenda Daktari kupitia matoleo hayo hayo ya da Silva. Sauti yake haikuwazuia. Hata hivyo, mfululizo ulipoota mizizi, uliota penye udongo mwingine, na udongo huo ni PBS.

PBS si kampuni ya biashara kama tunavyozifahamu. Ni mtandao wa vituo vya umma, kila kituo na mji wake na uamuzi wake, na havikatizi vipindi kwa matangazo ya sabuni. Sehemu ya fedha hutoka kwa watazamaji wenyewe. Mara kadhaa kwa mwaka kituo husimamisha vipindi na kusema: ndugu zetu, mkikipenda hiki mnachokiona, pigeni simu mchange. Mtazamaji wa aina hii si bidhaa inayouzwa kwa mwenye tangazo. Ni mfadhili. (Nilitaka kusema ni ujamaa, lakini nimeshachekwa mara moja.) Wapenzi wa Doctor Who walikuwa wachangaji wazuri, na wengine walikwenda wenyewe kituoni kupokea simu, skafu shingoni. Kituo kikaona kwamba hadithi ya kigeni, yenye mandhari ya mbao na vitambaa vinavyotikisika mtu akifunga mlango, inaleta michango. Kikaiendeleza.

Sasa, utamu wenyewe. Vituo vingi vya PBS viliacha kuonyesha sehemu za dakika 25 moja moja. Vilichukua sehemu nne za hadithi moja, vikakata nyimbo za kufungua na kufunga katikati, vikaunga ikawa kama sinema ya saa moja na nusu. WTTW ya Chicago iliionyesha hivyo Jumapili usiku. Ebu tufikiri hii ina maana gani kifani. Watunzi walijenga kila sehemu iishie kwenye hatari: mlango unafunguka, kiumbe kinatokea, mtu anapiga ukelele, muziki unaingia, subiri wiki nzima. Hiyo ndiyo taharuki tuliyofundishwa mwaka wa kwanza. Ni kama bibi anayekatiza ngano pale zimwi linapobisha hodi, anasema nendeni mkalale. Chicago bibi hakukatiza. Zimwi lilibisha hodi, na sekunde tano baadaye mtu akalitorosha. Kila baada ya dakika 20 hivi hadithi ilipanda mlima bila sababu ya wazi, ikashuka upesi, ikaendelea.

Kwa sheria zetu za darasani tungesema fani imeharibiwa. Lakini hadhira ilipata kitu kingine badala yake. Mtu anayekaa saa moja na nusu usiku wa manane hasubiri tu zimwi. Anasikiliza mazungumzo, anaona mzaha, anaona jinsi Daktari anavyowashinda wenye bunduki kwa maneno na kwa mfuko wa peremende. Uingereza kipindi kilikuwa cha familia, Jumamosi jioni, na watoto wa zama zile mpaka leo husimulia jinsi walivyojificha nyuma ya kochi. Marekani kikawa cha usiku, cha wanafunzi wa vyuo na watu wazima. Kazi ile ile, fasihi ya watoto huku, ya wasomi wasiolala kule. Anayesema matini ina maana moja tu iliyowekwa na mtunzi, tafadhali atueleze hili.

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa kisa ambacho siwezi kukiacha. Jumapili tarehe 22 Novemba 1987, WTTW ilikuwa ikionyesha hadithi ya Tom Baker ya mwaka 1977, ile inayotokea kwenye mnara wa taa ya meli. Ghafla picha ikakatika. Akatokea mtu aliyevaa barakoa ya Max Headroom, akapayuka kwa kama dakika moja na nusu, kisha Daktari akarudi. Mtu huyo alikuwa ameingilia mawimbi ya kituo, na saa mbili hivi kabla alikwishaingilia kituo kingine cha mji huo huo. Mpaka leo hajajulikana. Tunaweza kukitazama kisa hiki kwa sababu wapenzi wa Doctor Who walikuwa wakirekodi kwenye kanda zao za video, kama kawaida yao. Na huyo Max Headroom ni nani? Ni mhusika wa hadithi ya kisayansi ya televisheni ya Uingereza, wa mwaka 1985, ambaye Wamarekani walimchukua na mwaka 1987 wakamtengeneza upya kwa ajili ya soko lao. Yaani usiku ule Mwingereza aliyetengenezwa upya alimvamia Mwingereza aliyeachwa kama alivyo. Mfululizo wa Kimarekani wa Max Headroom haukudumu.

Turudi njiani. Katika miaka ya 1980 London iliona kinachotokea ng'ambo. Hadithi maalumu ya miaka 20 ilionyeshwa Marekani tarehe 23 Novemba 1983, siku mbili kabla ya Uingereza, na wapenzi wa nyumbani wakajikuta nyuma ya Chicago. Mwaka 1984 Daktari akapata mwandani Mmarekani, msichana anayeitwa Peri, aliyeigizwa na Mwingereza, Nicola Bryant. Sina mengi ya kusema kuhusu Peri. Alikuwa ni Marekani ya kufikirika iliyobuniwa London ili kumpendeza mtu ambaye tayari alikuwa amependezwa. Mwaka 1989 BBC ikasitisha mfululizo.

Kisha ikaja 1996. BBC, Universal na Fox walishirikiana kutengeneza filamu ya televisheni, kwa matumaini ya kuanzisha mfululizo mpya wa Kimarekani. Mtayarishaji Philip Segal alikuwa Mwingereza anayefanya kazi Marekani, na alikipenda kipindi tangu utoto. Hakuwa adui hata kidogo. Paul McGann akawa Daktari wa nane, na kwa maoni yangu alikuwa Daktari mzuri sana. Hadithi inatokea San Francisco usiku wa kuamkia mwaka 2000, ingawa ilipigwa Vancouver, Kanada. Lakini tazama inavyofunguka: sauti ya Daktari inasimulia, inaeleza sayari, inaeleza adui, inaeleza sheria. Da Silva amefufuka! Halafu hadithi inakwenda mbali zaidi ya hapo, inatwambia Daktari ni nusu mwanadamu, kwa upande wa mama. Miaka 30 na zaidi ya swali, ikajibiwa kwa sentensi moja, kana kwamba mtazamaji hawezi kumpenda mtu mpaka aonyeshwe cheti cha kuzaliwa.

Fox waliionyesha Jumanne tarehe 14 Mei 1996. Marekani ilitazamwa na watu kama milioni 5.6. Uingereza, siku 13 baadaye, milioni 9. Mfululizo haukuagizwa. Ni haki kusema kwamba usiku ule ilishindana na sehemu muhimu ya Roseanne, ambamo baba wa familia anapatwa na mshtuko wa moyo, na mshindani huyo hakuwa mtu wa mchezo. Sisemi maelezo peke yake ndiyo yaliyoiua. Nasema hayakuiokoa, na yaliwekwa ili yaiokoe.

Mwaka 2005 hoja yangu inapata mtihani mgumu, nami sitaukimbia. Russell T Davies aliufufua mfululizo kupitia BBC Wales, Cardiff, sehemu ya kwanza ikarushwa tarehe 26 Machi 2005. Umbo aliloutumia ni la Kimarekani waziwazi. Sehemu za dakika 25 zimekwenda, zimekuja za dakika 45, nyingi zikiwa hadithi kamili, na uzi mmoja unaopita msimu mzima. Davies mwenyewe hakuficha kwamba alijifunza kutoka Buffy the Vampire Slayer. Mwenzetu wa semina atasema: umeona? Kazi imemfuata mgeni! Hapana, bwana. Kuazima umbo ni jambo la kale katika fasihi, na tungekuwa na kazi ngumu kutafuta riwaya ya Kiswahili ambayo umbo lake halikuazimwa. Davies aliazima chombo cha kupikia. Chakula hakukieleza. Tunaanza na Rose, msichana wa duka la nguo London, na Daktari anatokea akimshika mkono na kumwambia akimbie. Rose hajui ni nani. Mtazamaji mgeni hajui ni nani. Wanakimbia pamoja.

Sci Fi Channel ya Marekani ilianza kuuonyesha Machi 2006, mwaka mzima nyuma. Baadaye BBC America ikashika usukani. Mwaka 2010 pengo lilikuwa wiki mbili, na tarehe 23 Aprili 2011 nchi zote mbili zilitazama siku moja sehemu iliyopigwa kwa kiasi fulani katika jangwa la Utah, Daktari akiwa amevaa kofia ya machunga ng'ombe. Msimu huo ulijenga fumbo kuhusu swali la kale kuliko yote ulimwenguni, na mwishoni, Oktoba 2011, swali hilo likafichuliwa: ni jina la kipindi. Halikujibiwa. Tarehe 23 Novemba 2013 hadithi ya miaka 50 ilirushwa kwa wakati mmoja katika nchi 94.

Na Disney? Makubaliano yalitangazwa 2022, Disney+ wauonyeshe mfululizo nje ya Uingereza na Ireland. Fedha zikaongezeka, na zinaonekana. Daktari akawa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992 na kukulia Uskoti, na sitaficha kwamba bwenini kwetu kuna watu walioanza kutazama kwa sababu yake tu. Msimu wa 2024 ukahesabiwa upya kuwa wa kwanza. Sehemu yake ya kufungulia, ya watoto wachanga angani, inaanza kwa Daktari kumweleza mwandani wake habari zake zote harakaharaka, sayari, watu wake, chombo. Niliitazama nikasema, karibu tena, mzee da Silva. Lakini wiki mbili baadaye, tarehe 25 Mei 2024, ikaja "73 Yards": mwanamke asiyejulikana anamfuata msichana kwa umbali ule ule maisha yake yote, kila anayekwenda kuzungumza na mwanamke huyo anatimua mbio, na hatuambiwi kamwe alisema nini. Inatokea Wales, kwenye baa yenye wenyeji wanaomcheka mgeni kwa kudhani kwao ni kwa wachawi. Kati ya hizo mbili, ya pili ndiyo watu walioibishania kwa wiki kadhaa. Bwenini kwetu ilibishaniwa mpaka umeme ukakatika.

Mwaka 2025 kulikuwa na nyingine inayotugusa sisi wanafasihi. Mtunzi wake, Inua Ellams, ni mshairi na mwandishi wa tamthilia mzaliwa wa Nigeria. Daktari anaingia kwa kinyozi Lagos, na wanaume waliofungiwa mle ndani wanalazimishwa kusimulia hadithi mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hadithi zao ndizo mafuta ya injini inayoendesha duka. Kuna binti wa Anansi humo, yule buibui wa ngano za Afrika Magharibi. Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa kwamba Disney hawataendelea.

Rasimu ya makala haya nilimpa yule mwenzetu msemaji. Alikaa nayo siku tatu. Amenirudishia bila kucheka, ila pembeni ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa penseli: "Sasa huyu Daktari hasa ni nani?" Sijamjibu.